Kabla mwanao hajafundishwa kupiga, afundishwe miguu

Mzazi mwenzangu, kama unaishi au unafanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Kivukoni hadi Kariakoo, si ajabu kijana wako ameshakuomba ruhusa ya kwenda kujifunza ngumi. Huenda amewaona mabondia kwenye runinga, huenda rafiki yake wa shuleni anafanya mazoezi, au anataka tu kujiamini anapopita mitaani jioni. Siku hizi hata mabinti wanaomba.

Ombi hilo hugawa nyumba. Mmoja anasema mwacheni akakomae, mtoto wa mjini lazima ajue kujitetea. Mwingine anasema hapana, sitaki mwanangu arudi na kichwa kibovu. Nawaelewa wote wawili, lakini naona wote wanabishana juu ya swali lisilo lenyewe. Wanauliza kama mtoto acheze au asicheze. Mimi naona swali la kuuliza ni hili: atafundishwa nini kwanza, na nani atahakikisha kichwa chake hakipigwi?

Msimamo wangu niuseme mapema ili tusipotezeane muda. Mazoezi ya ngumi ni mazuri kwa afya ya mtoto na kijana. Kupigwa kichwani si kuzuri kwa mtu yeyote, na kwa mtoto ni kubaya zaidi. Mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa, na kinachoyatenganisha ni mafunzo ya miguu, ngumi ya kunyoosha na kuzuga. Klabu inayoanza na hayo mpe mwanao. Klabu inayowavalisha watoto glovu wiki ya kwanza na kuwaambia wapigane ili "waonyeshe moyo", mchukue mwanao urudi naye nyumbani.

Miguu ndiyo kinga ya kwanza

Watu wengi wanadhani ngumi ni mchezo wa mikono. Kocha anayejua kazi yake atakuambia ngumi inaanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Bondia anayetumia mkono wa kulia husimama mguu wa kushoto ukiwa mbele, miguu imeachana kama upana wa mabega, magoti yamelegezwa kidogo na kisigino cha nyuma kimenyanyuka. Kutoka hapo kuna kanuni rahisi ambayo hata mtoto wa miaka kumi anaielewa. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio unaoanza. Ukirudi nyuma, wa nyuma ndio unaoanza. Ukienda kushoto unaanza wa kushoto, ukienda kulia unaanza wa kulia. Miguu haipishani wala haigusani, kwa sababu mtu aliyepishanisha miguu akiguswa kidogo tu anaanguka.

Kama hujaelewa, nenda Soko la Samaki Feri asubuhi uangalie wachukuzi. Sakafu imelowa maji, kuna magamba, na mtu ana beseni zito kichwani. Hatua zake ni fupi, goti limelegea, mguu hauondoki mpaka mwenzake umekaa sawasawa. Au simama Mtaa wa Kongo pale Kariakoo uangalie wanaoishi humo kila siku wanavyopishana na mikokoteni. Hawasukumani nayo. Wanasogea nusu hatua pembeni, mzigo unapita, wanaendelea na safari. Hicho ndicho bondia mzuri anachokifanya mbele ya konde: hashindani nalo nguvu, anaondoka kwenye njia yake.

Kwa nini hili liwe jambo la afya? Kwa sababu konde ambalo halikufika halina madhara. Kofia ya kujikinga, dawa na daktari vyote vinakuja baada ya konde kufika. Miguu pekee ndiyo inayofanya kazi kabla. Mtoto aliyefundishwa miguu kwa miezi kadhaa, kwa kuruka kamba, kutembea juu ya mistari ya chaki iliyochorwa sakafuni na kuzunguka upande ambao mpinzani hana mkono wake wenye nguvu, anajenga kinga ambayo haiuzwi duka lolote.

Na faida haziishii ulingoni. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutoa jasho. Watoto wetu wa mjini, wanaokaa ghorofani na kucheza kwenye simu kwa sababu viwanja vimekuwa maegesho ya magari, wengi hawafiki hapo. Kuruka kamba dakika tatu, kupumzika moja, na kurudia mara kadhaa kunatosha kuuamsha moyo, mapafu, misuli ya miguu na uwezo wa mwili kushika mizani. Hakuna hata konde moja lililorushwa hapo.

Ngumi ya kunyoosha inafundisha umbali

Baada ya miguu inakuja jebu, yaani ngumi fupi iliyonyooka ya mkono wa mbele. Watazamaji hawaishangilii sana kwa sababu mara chache humwangusha mtu. Lakini mwulize bondia yeyote mzoefu, atakuambia ndiyo inayobeba pambano zima. Kazi yake ya kwanza ni kupima umbali. Kazi ya pili ni kumfanya mpinzani asikaribie. Kazi ya tatu ni kuficha kinachofuata.

Jebu inayofundishwa vizuri inatoka moja kwa moja bila kuvutwa nyuma kwanza. Bega linapanda na kufunika kidevu, mkono mwingine unabaki shavuni, pumzi inatoka kwa ghafla, halafu mkono unarudi kwa njia ileile uliyoendea. Mwambie mwanao akuonyeshe akiwa nyumbani. Kama mkono wake unarudi ukiwa umeshuka hadi kiunoni, hapo kuna upenyo wa konde kuingia, na kocha wake ana kazi ya kufanya kabla ya kumpanga na mtu.

Kuna jambo la mifupa ambalo wazazi wengi hawalijui. Ngumi inatakiwa ifike kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka na kidole gumba kikiwa nje, juu ya vidole vingine. Anayepiga ovyo hupiga kwa vifundo vya pembeni, na hapo ndipo mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo huvunjika. Mvunjiko huo ni wa kawaida sana kwa vijana wanaopiga ukuta au kupigana mitaani, kiasi kwamba madaktari wameupa jina la mchezo wenyewe. Kwa mtoto kuna nyongeza: ncha za mifupa yake bado zina sehemu laini za kukulia. Sehemu hizo zikiumia, mfupa unaweza kupinda au kubaki mfupi. Ndiyo maana bendeji za mkononi chini ya glovu hazikubaliki kukosekana, hata kwenye begi la mazoezi. Mkono ukivimba na kuuma juu ya kifundo baada ya mazoezi, usiukande kwa maji ya moto ukasubiri wiki. Mpeleke akapigwe picha.

Kuzuga ni akili, na akili inapunguza makonde

La tatu ni kuzuga, ambako mitaani tunakuita danganya toto. Bondia anatikisa bega kama anataka kupiga, halafu hapigi. Anaangalia tumbo, anapiga juu. Anakanyaga mbele kwa kishindo, mpinzani anajifunika, yeye anatoka pembeni.

Kuzuga kunafanya kazi kwa sababu ya namna mwili wetu ulivyoumbwa. Jicho likiona kitu, ubongo unahitaji takriban robo ya sekunde kukipokea na kuuamuru mwili ufanye jambo. Konde zuri linaweza kufika kabla ya hapo. Kwa hiyo bondia hawezi kusubiri alione konde ndipo akwepe. Anasoma dalili za mapema: bega, nyonga, mguu unaokanyaga. Anayezuga anampa mwenzake dalili ya uongo, mwenzake anatumia ile robo ya sekunde kujibu kitu ambacho hakipo.

Naipenda sehemu hii kuliko zote kwa sababu inambadilisha mtoto kichwani. Mtoto aliyeambiwa ngumi ni nguvu atasimama mbele ya mwenzake wapigane mpaka mmoja achoke. Aliyeambiwa ngumi ni kuzuga atatulia, ataangalia, atafikiri. Wawili wa namna hiyo wakikutanishwa, wanaweza kumaliza raundi nzima makonde yaliyofika yakihesabika kwa vidole. Wanaweza hata kufundishwa kwa michezo isiyo na konde kabisa: kugusana mabega kwa kiganja, kukanyagana vidole vya miguu, kukwepa mpira laini. Nchi nyingi zinaanza hivyo na watoto, na sioni kwa nini sisi tuwe na haraka zaidi yao.

Kichwa si tumbo

Sasa tuje kwenye kinachonifanya niandike. Ubongo wa binadamu una uzito wa kilo moja na robo hadi moja na nusu hivi, ni laini, na umeelea kwenye maji ndani ya fuvu. Konde likifika kwenye kidevu au pembeni ya taya, kichwa kinazunguka ghafla. Fuvu linatangulia, ubongo unachelewa, na nyuzi ndani yake zinavutwa. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Hauonekani kwa macho, mara nyingi hauonekani hata kwenye picha za hospitali, na si lazima mtu azimie ndipo awe ameupata. Wengi wanaoupata hawazimii.

Mtoto yuko kwenye hatari zaidi. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, shingo yake haina misuli ya kutosha kukizuia kisizunguke, na ubongo wake unaendelea kujijenga hadi anapovuka miaka ya ishirini. Mtu mzima mara nyingi hurudi sawa ndani ya wiki mbili baada ya mtikisiko mdogo. Mtoto anaweza kuchukua mwezi, na mwezi huo ni mwezi wa masomo.

Wazazi wengi hutuliza moyo kwa kusema, "Lakini wanavaa kofia." Kofia ya ulingoni inazuia kuchanika nyusi na michubuko, na hilo ni jambo jema. Haizuii ubongo kucheza ndani ya fuvu. Mwaka 2013 shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa liliziondoa kabisa kofia hizo kwenye mapambano ya wanaume wakubwa, na katika Olimpiki ya Rio 2016 wanaume walipigana bila kofia. Mtoto avae, lakini mzazi asidhani amenunua usalama.

Madhara ya muda mrefu nayo si habari mpya. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakiyumba na kupoteza kumbukumbu baada ya miaka ya kupigwa kichwani. Mwaka 1983 Chama cha Madaktari Duniani kilitaka mchezo wenyewe upigwe marufuku. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja kupinga ngumi kwa watoto na vijana. Hawa si watu wa kupuuzwa, nami sijawapuuza. Tofauti yangu nao ni moja tu: naamini katika jiji hili ukimkataza kijana klabu yenye kocha, si mara zote unamwondoa kwenye ngumi. Wakati mwingine unampeleka kwenye uchochoro usio na kocha, usio na glovu na usio na mtu wa kusema basi. Zanzibar ilizizuia ngumi kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kuziruhusu tena miaka ya karibuni, na vijana wa Visiwani waliopenda mchezo huo hawakuisha. Nafuu nimwekee mwanangu masharti kuliko kumwekea ukuta ambao ataupanda usiku.

Tujifunze kwa mgeni aliyewahi kufika mjini kwetu

Wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka Februari 1980, Muhammad Ali alipofika hapa akiwa mjumbe wa Rais Jimmy Carter, kuomba nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Siasa za safari ile tuziache. Nitazame mwili wake.

Ali kijana alikuwa na miguu ambayo mabondia wa uzito wa juu hawakuwahi kuwa nayo. Alizunguka, alipiga jebu, alizuga, akatoka. Wapinzani walipiga hewa. Miaka ilipokwenda miguu ilipungua kasi, na yeye akaanza kutegemea uwezo wake wa kuvumilia. Kinshasa, Oktoba 30, 1974, aliegemea kamba na kumwacha George Foreman ampige mpaka achoke, kisha akamwangusha raundi ya nane. Dunia ilishangilia, na hata leo tunasimulia. Lakini mwili uliyahesabu makonde yale na mengine mengi. Alipokuja Dar es Salaam alikuwa ameshatangaza kustaafu. Miezi michache baadaye, Oktoba 2, 1980, alirudi ulingoni dhidi ya Larry Holmes, akapigwa mpaka kona yake ikasimamisha pambano baada ya raundi ya kumi. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kuwa ana dalili za Parkinson, akaishi nazo hadi alipofariki mwaka 2016.

Madaktari hawajakubaliana wote kwamba makonde ndiyo yaliyomletea ugonjwa ule, kwa kuwa Parkinson huwapata hata wasiowahi kuvaa glovu. Lakini somo kwa mzazi liko wazi. Kuvumilia makonde si kipaji cha kumsifia mtoto. Ukimsikia kocha akisema "huyu kijana ana kichwa kigumu, anakula ngumi haanguki", usifurahi. Shtuka.

Kuna jambo jingine ambalo huwagusa wasomaji wangu wagonjwa. Tangu 2006, katika jiji la Indianapolis nchini Marekani, kuna programu ya mazoezi ya ngumi kwa wagonjwa wa Parkinson. Hawapigani. Wanapiga begi, wanasogeza miguu, wanarusha jebu kwa kufuata sauti ya mwalimu, na lengo ni kulinda mizani, hatua na wepesi wa mikono. Ngumi ileile tunayoiogopa, ukiondoa makonde ya kichwani, inageuka mazoezi ya wagonjwa. Kama mzee wako nyumbani ana ugonjwa huu, muulize daktari wake au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kuhusu mazoezi ya namna hiyo kabla ya kuanza.

Heshima ya mchezo iko kwenye ulinzi

Sitaki mtu adhani naudharau mchezo huu. Titus Simba alituletea medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alituletea dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Mwaka 2022 huko Birmingham, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba. Hawa wote walipata medali katika ngumi za ridhaa, ambako raundi ni chache na majaji wanatafuta makonde safi na ufundi.

Pia tusisahau upande mwingine. Mwishoni mwa Desemba 2024, hapahapa Dar es Salaam, bondia kijana Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya kuangushwa kwa KO katika pambano la kulipwa. Alikuwa mtu mzima aliyechagua kazi yake, na sina neno la kumlaumu yeye wala familia yake. Namtaja kwa sababu msiba wa namna hiyo huzungumzwa wiki moja, halafu tunarudi kulekule. Ukimpeleka mwanao kwenye mchezo huu, unapeleka kichwa chake kwenye mchezo ambao watu hufa. Ukilijua hilo, hutaona aibu kuuliza maswali.

Maswali ya kumuuliza kocha

Nenda mwenyewe klabuni, usimtume kaka mtu. Kaa pembeni saa nzima uangalie, kisha uliza kwa heshima.

La kwanza: mtoto anaanza kupigana mazoezini baada ya muda gani? Jibu la "akiwa tayari, lakini si kabla ya miezi kadhaa ya miguu na ulinzi" ni jibu la mwalimu. Jibu la "hata kesho" ni jibu la kukuondoa hapo.

La pili: kichwa kinalengwa? Kwa watoto mimi naomba kichwa kisilengwe kabisa. Wapige begi, wapige pedi, wagusane mabega na mwili kwa wepesi. Mashirikisho ya ngumi za ridhaa kimataifa huwapanga vijana katika kundi la miaka 15 hadi 16, kisha 17 hadi 18, na wakubwa ni kuanzia 19. Wa miaka tisa ana haraka ya kwenda wapi?

La tatu: wanapangwaje? Mtoto wa kilo 35 hapaswi kuwekwa na wa kilo 45 kwa sababu tu wengine hawakuja. Uzito, umri na muda wa mazoezi vyote vitazamwe.

La nne: nani anasema basi? Lazima awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kusimamisha, na neno lake halibishiwi.

La tano: mtoto akipigwa kichwani na kuonekana kuyumba, mnafanya nini? Kama jibu ni kummwagia maji na kumrudisha, umeshapata jibu lako.

Na wewe pia una wajibu. Kabla hajaanza, mpeleke akapimwe. Mwambie daktari ukweli kama mtoto amewahi kuwa na degedege au kifafa, matatizo ya macho, moyo, au kuzimia akikimbia. Mwenye seli mundu asianze mazoezi mazito bila ushauri wa kliniki yake, kwa kuwa kupungukiwa maji na uchovu mkali vinaweza kumletea maumivu. Mwenye pumu mara nyingi anaweza kufanya mazoezi, mradi dawa yake ya kuvuta iwe kwenye begi lake na kocha ajue ilipo.

Jambo la mwisho hapa ni uzito. Kijana anayekua hapaswi kushindishwa njaa, kunyimwa maji au kukimbizwa juani amevaa nailoni ili aingie kundi fulani. Mwili uliokauka unachoka haraka, miguu inakuwa mizito, na anayeshindwa kusogea anapigwa. Apangwe na wenye uzito wake.

Akipigwa kichwani, fanya hivi

Mtoto aliyepigwa kichwani akalalamika kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona maluweluwe, kutopenda mwanga au kelele, kusahau kilichotokea, au akawa tu si yeye wa kawaida, huyo mchukulie kuwa amepata mtikisiko wa ubongo. Anatoka siku hiyohiyo na harudi siku hiyohiyo, hata akisema yuko sawa. Konde la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuleta uvimbe wa ubongo unaoua.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya: amezimia, anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia na haamki vizuri, amepata degedege, anaongea kwa kukokota, mkono au mguu unalegea, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au maji au damu inatoka puani au masikioni bila jeraha la hapo. Usimpakie kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati. Tafuta gari au bajaji, mtu amshike kichwa na shingo vitulie.

Kama hana dalili hizo za hatari, bado aonwe na mhudumu wa afya. Nyumbani apumzike siku moja au mbili, simu na runinga vipungue, apewe parasetamoli kama kichwa kinauma. Usimpe diklofenaki, aibuprofeni wala aspirini siku za mwanzo, kwa kuwa zinaweza kuongeza kutokwa damu. Anaweza kulala, kulala hakumdhuru, ila mtazame kama anaamka kawaida. Kisha arudi taratibu: kwanza kutembea na kusoma kidogo, halafu darasani, halafu kamba na begi, na kupigana kuje mwisho kabisa, baada ya daktari kuridhika. Hata mabondia wakubwa wa ridhaa walioangushwa kwa konde la kichwa huzuiwa kupigana kwa siku zisizopungua 30. Mtoto wako asipewe chini ya hapo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kijana aliyefundishwa mapema kwamba sifa ya bondia ni kutopigwa, atabaki na fundisho hilo hata akiwa na miaka thelathini, awe bingwa au muuza duka. Aliyefundishwa kwamba sifa ni kuvumilia makonde, kumbadilisha baadaye ni vigumu, na wakati mwingine tunakuwa tumeshachelewa.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujasema ndiyo au hapana, mwambie mwanao akuonyeshe anavyosogea. Kama anajua kwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia bila kupishanisha miguu, na mkono wake unarudi shavuni, kaa naye muongee. Kama anachojua ni kurusha makonde tu, nenda klabuni ukaonane na kocha wake kabla ya mazoezi mengine.